Kifusi Cheupe

Siku ukumbi wa zamani ulipoanza kubomolewa, Fundi hakwenda kazini. Alivaa shati lake la kutokea, akasimama kwenye kona ambapo malori ya tipa yaliyobeba kifusi chake yalilazimika kupunguza mwendo, na kila lilipotokea moja alilipungia kwa mikono yote miwili. Madereva wengi walimpita. Mmoja alimwambia awahi hospitali. Mwishowe mtu mnene aliyejifunga taulo shingoni akasimama na kumuuliza huo ua anaotaka ujazwe uko wapi, na Fundi akawa ameshadandia ngazi ya lori kabla hajajibu.

Ua wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yao, na ulikuwa aibu yake ya miaka mingi. Ulikaa chini kuliko barabara, na mvua ikinyesha kidogo tu uligeuka tope la kumeza kandambili. Humo humo ndimo mkewe alimofanyia kazi. Mtaa mzima ulimwita Dobi. Alifua kwa mikono, kwa maji ya kisima kifupi kilichokuwa katikati ya ua, na nguo nyeupe ikitoka kwake ilirudi kwa mwenyewe ikiwa mpya kuliko ilivyonunuliwa. Hata watu wenye mashine majumbani walimletea. Adui yake alikuwa tope. Shuka ikiteleza kwenye kamba, anaanza upya. Kila mwaka Fundi aliahidi kuujaza ua ule kifusi, na kila mwaka ahadi ilizama pamoja na kandambili.

Tipa lilipoingia kinyumenyume na kumwaga mzigo wa kwanza, nyumba nzima ilikuwa nje. Vumbi lilipanda mpaka juu ya paa. Bibi, mama yake Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, alipiga makofi na kupaliwa kwa wakati mmoja. Binti yao wa sekondari alikimbia kuanua nguo huku anacheka. Majirani walichungulia juu ya uzio na roho ziliwauma, maana matofali yale, mapande yale ya zege na vigae vile vyote vilikuwa vya bure. Dereva alishukuriwa, akapewa soda baridi, akabembelezwa arudi. Akarudi. Dampo la manispaa lilikuwa mbali na getini wanatoza, lakini hilo hakulitaja, wala hakuna aliyemuuliza. Si kila siku mtu anatupa taka zake kwenye ua wa mwenzake akaagwa kwa soda.

Katika mizigo yote, mmoja ulimpendeza Fundi kupita mingine. Ulijaa bodi za dari, zile nyeupe za jipsamu alizozifunga kila siku kazini, zimevunjika vipande vipande. Mtu mwingine angezifukia chini kabisa. Yeye alizitenga pembeni, akasubiri mkewe aende kupeleka nguo za watu, akaziponda kwa nyundo, akautandaza unga ule kuzunguka mdomo wa kisima na kuushindilia kwa gogo hadi jasho likamtoka puani. Dobi aliporudi na beseni tupu kichwani alikuta pale kisimani pamekuwa peupe, pakavu, pamenyooka kama meza.

“Sasa hata nguo ikianguka,” Fundi alimwambia, “inaangukia weupe mwenzake.”

Dobi alivua kandambili, akakanyaga taratibu, akacheka mpaka akajishika kiuno. Alizunguka kisima mara mbili bila sababu. Tangu waoane hakuwahi kupewa zawadi iliyomgusa namna ile, na Bibi aliliona hilo kutoka kwenye kigoda chake. Alimnong’oneza mjukuu wake, “Mke mwenzangu, leo baba yako atakula mnofu.” Fundi alisikia, akajifanya hakusikia, lakini masikio yalimcheza.

Mvua zilipokuja, ua haukuzama. Asubuhi ile Fundi alitoka akasimama katikati ya mvua, miguu mikavu, mikono kiunoni, kusudi watu wamwone. Nao walimwona. Kabla ya mchana kuisha walishampa jina la Meneja wa Kifusi, na jina likamkaa vizuri kuliko shati la kutokea. Watu walikuja kumwomba awaunganishe na dereva. Alipanga zamu, akapiga simu kwa sauti ya juu akiwa barabarani, akawaambia watu wasiwe na wasiwasi, kila mtu atapata. Wa kwanza kwenye zamu alikuwa Fundi Cherehani, jirani wa upande wa chini, mama mjane ambaye naye alikuwa na kisima na ua wa tope.

Wiki ileile matroni wa chuo cha wauguzi alisimamisha gari mbele ya nyumba yao. Alishusha mafurushi ya sare nyeupe za wahitimu, akasema mahafali ni Jumamosi, akasema tena kwamba mashine ya chuo inazila nguo. Kisha akalisema lile ambalo Dobi alikuwa akiliota tangu aanze kazi hiyo. Sare hizi zikimridhisha, nguo zote za chuo zitakuwa zinakuja hapa, mwaka mzima.

Dobi aliingia ndani, akafunga mlango, akaruka. Binti yake akaruka naye. Bibi aliuliza kuna nini, akaambiwa, naye akasema magoti yake hayaruki lakini roho imeruka.

*

Asubuhi ya Alhamisi Dobi alikunja mikono, akachota maji, akapaka mche wa sabuni kwenye kola ya sare ya kwanza. Akafikicha. Sabuni iliteleza, ikageuka utando mzito wa kijivu juu ya maji, na povu halikutoka. Akaongeza sabuni. Utando ukaongezeka. Aliposuuza na kuanika, sare ilikauka ikiwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

Siku za nyuma alikuwa ameona sabuni inakwisha upesi, akalaumu mvua, akamlaumu binti yake kwa kuiacha kwenye maji. Leo hakuwa na mtu wa kumlaumu ila mwenye duka, kwani mche ule ulikuwa mpya, aliununua jana. Aliushika mkononi na kutoka nao vilevile na aproni yake iliyolowa, akavuka barabara, na maneno yakamtoka kabla hajafika kaunta. Alisema sabuni ya duka lile ni chokaa iliyotiwa rangi. Alisema mtu anawaibia wanawake wanaokula kwa mikono yao. Wateja wakageuka, waliokuwa wakipita wakasimama, na yeye alivyoona watu wanajaa akazidi kupandisha sauti. Mwishowe aliutupa mche juu ya kaunta, ukagonga mizani.

Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache, mzee kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza Dobi baadaye. Aliuokota mche, akautazama huku na huku.

“Umeitukana sabuni, mama, na si vibaya,” alisema. “Sasa tuiache nayo ijitetee.”

Alitoka hadi kwenye bomba lake la barazani, akajaza beseni, akaomba leso ya mteja mmoja, akaipaka sabuni ileile na kuifikicha. Povu lilipanda. Lilijaa beseni, likamfika kwenye viwiko, likamwagika kwenye sakafu na kuanza safari ya kwenda mtaroni. Watoto walilishangilia. Mtu mmoja nyuma kabisa akasema kwa sauti ya kutaka kusikika, “Kumbe dobi ndiye hajui kufua.”

Watu walicheka. Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi kwake akitazama chini njia yote, na kicheko kikamfuata hadi mlangoni.

*

Fundi alikuwa anakula. Mkewe alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sauti kavu ya mtu aliyekataa kulia: sare, utando, sabuni, bomba, kicheko. Alipofika kwenye povu la dukani, Fundi aliacha kutafuna. Aliiweka chini sahani. Akageuza viganja vyake na kuvitazama, kisha akatoka uani, akasimama mbele ya kisima. Ule weupe alioushindilia kwa gogo ulikuwa umeliwa na mvua. Ulibonyea katikati, umetota kama uji, na mifereji midogo myeupe ilishuka kutoka humo hadi kwenye ufa wa ukingo wa kisima.

“Ni mimi,” Fundi alisema mkewe alipomfuata. “Nikishinda kwenye kazi ya dari, jioni nikinawa, sabuni haitoi povu mpaka nimalize ndoo nzima. Miaka yote hiyo. Nilikuwa najua kwa mikono yangu hii, halafu nikaenda nikaimwaga jipsamu kwenye maji yako.”

Dobi alikaa kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa na hasira, hasira kubwa, na alikosa pa kuitua, kwa sababu alikumbuka alivyoukanyaga ule weupe bila viatu, na alivyofurahi. Angekuwa ametendewa kwa uzembe angejua la kusema.

Fundi tayari alikuwa ameshika koleo. Alisema ataitoa yote leo hii, kabla jua halijazama, ataizoa kwa toroli na kuimwaga kwenye korongo kule nyuma.

“Halafu?” Dobi aliuliza.

“Halafu mvua inaisomba. Inaondoka.”

“Inaondoka inakwenda wapi?”

Fundi alitazama upande wa korongo, kwa kuwa alijua. Korongo lile lilishuka hadi bondeni, na kule bondeni watu walichota humohumo.

“Kule nako kuna mwanamke ana beseni,” Dobi alisema. “Weka hilo koleo. Kwanza nina msamaha wa kuomba.”

*

Mwenye duka alimsikiliza hadi mwisho, msamaha pamoja na ombi la maji ya kufulia sare. Alipomaliza, alisema amesamehe, na bomba atafungua, lakini maneno ya asubuhi yalisemwa barazani mbele za watu na haya nayo ayasemee hapohapo. Dobi alijifuta mikono kwenye aproni. Akatoka barazani, akapaza sauti ileile ya asubuhi, akasema sabuni ya duka hili ni nzuri, kosa lilikuwa kwenye maji yake mwenyewe, na yeye amemwonea mtu. Mara hii waliosimama walikuwa wachache. Umbea wa msamaha haujawahi kujaza watu. Mwenye duka akalifungua bomba hadi mwisho.

Binti alikuwa anavusha furushi la pili la sare waliposikia honi. Tipa lilikuwa linakata kona kwa kishindo, limejaa hadi juu, na vipande vyeupe vikichomoza kwenye mzigo. Zamu ya Fundi Cherehani ilikuwa imefika. Mwenyewe alishatoka nje na soda mkononi, na jamaa wa mtaa wakatoka naye, kwani kumwagwa kwa kifusi kulikuwa kumeshakuwa sherehe.

Fundi alikimbia. Alifika wakati lori linaanza kurudi nyuma, akasimama katikati ya pengo la uzio wa jirani na kutandaza mikono. Dereva akapiga honi. Fundi hakusogea. Alianza kueleza habari za jipsamu na mvua na kisima, lakini maneno yalimtoka yakigongana, na wasikilizaji wake walikuwa walewale aliowahubiria neema ya kifusi kwa wiki nzima.

“Wewe ua wako umekauka,” Fundi Cherehani alimwambia. “Umeshapata chako, sasa kwangu ndio kimekuwa sumu?”

Watu waliguna. Wengine walimwambia Meneja ajiuzulu apishe gari. Fundi alibaki amesimama, uso umemshuka, mikono bado ametandaza, na dereva akaanza kusogeza lori kidogokidogo kumtisha.

Hapo ndipo watu walipopisha upande mmoja. Dobi alikuwa anakuja na beseni kichwani, maji ya bomba yakimmwagikia mabegani, na sabuni ameibana kwapani. Alilitua beseni barabarani nyuma ya tairi za lori, dereva apende asipende, akaomba beseni la pili liwekwe kando yake. Kisha akamgeukia Fundi Cherehani, akamwambia kwa upole akachote maji ya kisima chake mwenyewe.

“Changu kiko mbali na chenu,” jirani alisema.

“Chota, dada yangu. Chota wewe, nisije nikaambiwa nimetia kitu.”

Jirani alikwenda, akarudi na ndoo, akaimimina kwa kishindo. Dobi akapiga magoti. Alifikicha sabuni kwenye maji ya bomba, na povu likapanda kama lilivyopanda asubuhi mbele ya aibu yake. Akampa jirani mche, akamwelekeza kwenye beseni la pili.

Fundi Cherehani alifikicha. Akafikicha tena kwa nguvu. Maji yalifanya utando wa kijivu, ukajikusanya pembeni mwa beseni na kumng’ang’ania vidoleni. Mtaa wote ulikuwa umeinama juu ya mabeseni yale mawili, hata dereva alishashuka na kuchungulia. Ua wa Fundi ulikuwa juu, wa jirani ulikuwa chini, na maji chini ya ardhi hayajui uzio.

“Kumbe ndio maana,” jirani alisema polepole. “Na mimi nimemgombeza mwanangu kwa sare zake wiki nzima.”

Dereva alisema haya si makubwa, yeye hupeleka anakoitwa, hawataki basi anaondoka. Dobi alimuuliza anakwenda kumwaga wapi. Dereva akajifuta uso kwa taulo. Mtu akajibu kwa niaba yake kwamba ataita mtaa mwingine, wampe soda, na watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Fundi, ambaye sasa alikuwa amepata sauti yake, alipanda kwenye ngazi ya lori na kusema kwamba tofali na zege havina ubaya, vishushwe hapahapa, atavipanga yeye kwa mikono yake kwenye ua wa jirani. Vyeupe vibaki garini. Na vyeupe vyake navyo vipakiwe, vyote viende dampo, kule kwenye shimo lililosakafiwa, mbali na visima vya watu.

“Getini wanatoza,” dereva alisema, mara yake ya kwanza kulitaja.

“Soda ulizokunywa mtaa huu zinalipia geti mpaka mwaka ujao,” alisema mwenye duka, aliyekuwa amevuka barabara kimyakimya na miwani yake ya uzi.

Dereva ndiye aliyecheka wa kwanza. Akashusha ubavu wa lori.

Kazi iliyofuata haikuwa na msimamizi, na hakuna aliyemtaka. Walipanga mstari kutoka kisimani kwa Dobi hadi barabarani. Makarai yalipita mikononi, tope jeupe likiingia lorini, tofali zikitoka, watu wamepakaa weupe hadi kwenye nyusi na wanachekana. Fundi Cherehani alichambua kwa kasi ya mtu anayetoa sindano kwenye nguo. Fundi aliingia hadi magotini kuzunguka kisima, akakwangua kwa kucha pale koleo lisipofika, na hakuna aliyemwita Meneja. Lori lilipojaa, Bibi alisimama kwenye kigoda na kutangaza kwamba anapanda mbele. Walimuuliza anakwenda wapi.

“Nakwenda kuhakikisha linafika,” alisema. “Huyu mtu namjua sasa, akiona kona anashawishika.”

Akapandishwa na wanaume wawili, akajifunga kanga vizuri, na tipa likaondoka mtaa mzima ukipunga mkono, Bibi amekaa kitini mwa abiria kama mheshimiwa.

Dobi hakuona likiondoka. Alikuwa barazani kwa mwenye duka, povu limemfika mabegani, anafua, na binti yake anasuuza. Kamba zilifungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na jua liliposhuka barabara nzima ilikuwa imejaa sare nyeupe, watu wakipita wanainama. Matroni alipokuja Ijumaa aliinua moja hadi kwenye mwanga, akaikagua kola, akaikagua tena. Akamuuliza Dobi Jumatatu aanze kuleta nguo saa ngapi.

*

Kisima hakikupona upesi. Jipsamu iliyokwisha kuingia ardhini haikuwa ya kuzolewa kwa koleo, na waliambiana wasubiri mvua zikisuuze. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini Fundi alisukuma mkokoteni hadi kwenye bomba la duka, akajaza madumu, akamletea mkewe maji ya kufulia. Hakulalamika. Ua ulianza kuwa tope tena kuzunguka kisima, naye alitandika tofali mojamoja, nyekundu, bila kumwonyesha mtu. Dobi alimshukuru kwa chai na kwa maneno ya kawaida, lakini vile vicheko vya kujishika kiuno havikurudi, na Fundi hakuviomba.

Bibi alijipa kazi. Kila asubuhi alichota maji ya kisima kwenye bakuli, akafikicha kipande cha sabuni, akatazama, akamwaga mbali, akarudi kukaa. Mtaa ulimzoea. Waliopita walimuuliza, naye alitikisa kichwa.

Asubuhi moja, mvua kubwa zikiwa zimekwisha, walikuwa wote mezani. Bibi aliingia na bakuli lake, akaliweka katikati, karibu na birika. Fundi aliacha kikombe hewani. Juu ya maji kulikuwa na povu, jembamba, lenye mapovu madogo yanayopasuka, lakini povu, wala chini yake hapakuwa na utando. Binti aliinuka kitini.

Dobi alichovya kidole, akakifikicha kwenye dole gumba, akakinusa. Alimtazama mumewe, mikono yake iliyochubuka kwa mpini wa mkokoteni, na akanyoosha mkono akampaka povu lile puani.

“Kesho lala,” alimwambia. “Usiende kuchota.”